Andika Namba, Usiandike Matusi

Mandazi moja ya Kitengela ina kalori ngapi? Swali linaonekana dogo, lakini lilinisumbua wiki nzima mwezi wa Februari, kwa sababu programu niliyopakua kwa simu haikujua mandazi ni kitu gani. Nilipoandika jina, ikaniuliza kama nilimaanisha donati. La, sikumaanisha donati. Nilimaanisha ile pembetatu ya kahawia inayouzwa shilingi kumi huku Noonkopir, ile ambayo ukiichana asubuhi inatoa mvuke na ndani ina nafasi ya kuweka maharagwe. Programu ilijua mikate ya wazungu aina zote, ilijua jibini za nchi ambazo sijawahi kukanyaga. Chakula changu ndicho haikukijua.

Niseme mapema mimi ni nani kwa hii stori. Nina miaka ishirini na sita na naishi kwa kuandika. Chuo niliacha nikiwa mwaka wa tatu, karo ilipokatika, na tangu hapo nimekuwa nikiuza maneno kwa watu wa Marekani na Uingereza ambao hatutawahi kuonana. Wananilipa kwa idadi ya maneno. Karibu nusu ya kazi zao huwa ni mambo ya kupunguza uzito: jinsi ya kuchoma mafuta ya tumbo, jinsi ya kubaki na mtazamo chanya, jinsi ya kutabasamu mbele ya kioo kila asubuhi. Kuna mteja alitaka maneno elfu moja ya kusifu mboga fulani ya ajabu, majani ya kijani yenye nguvu za miujiza. Nilipotazama picha nikacheka peke yangu. Ilikuwa binamu ya sukuma wiki. Ile tunayoita sukuma wiki kwa sababu hatuna doh.

Kwa hivyo maneno ya kutiana moyo ninayajua bei yake. Nimeyauza kwa jumla. Hayakuwa yamenishika mimi, mpaka siku moja kulikuwa na hema la kupima afya bure karibu na stendi, nikapanga foleni nikisubiri mvua iishe. Mzani ukasema kilo 91. Presha ikasema 139 kwa 91. Yule dada wa afya alikuwa mtu mzima, mpole, hakunitisha. Aliniuliza kama nyumbani kuna mtu mwenye presha ama sukari. Nikamwambia mamangu ana sukari. Akaandika kitu kwenye kadi, kisha akasema, "Msichana wangu, sikuambii uwe mwembamba. Punguza hata kilo nne au tano uone. Mwili husikia haraka kuliko nguo."

Baadaye nilithibitisha kwamba alisema kweli. Kupunguza asilimia 5 tu ya uzito huanza kushusha presha na kutuliza sukari kwa watu wengi. Kwangu asilimia 5 ni kilo nne na nusu. Hiyo nambari niliipenda kwa sababu ilikuwa ndogo. Sikuwa naambiwa nigeuke mtu mwingine.

Lakini Kitengela si mahali rahisi pa kupunguza chochote. Huu ni mji unaokua huku unaangalia. Kajiado nzima ilihesabiwa mwaka 2019 ikapatikana na watu zaidi ya milioni 1.1, na ukisimama kando ya barabara ya Namanga jioni utadhani wote wameshukia hapa kununua kitu cha kukaanga. Chipsi, smoki, mayai pasua, mutura, nyama inayoning'inia kwenye dirisha la kioo. Na sisi wa kufanyia kazi nyumbani tunakaa. Kutoka kitandani hadi mezani kwangu ni hatua nne. Halafu kuna watu. Ukinenepa, jirani anakupongeza: "Naona maisha imekukubali!" Ukikonda, huyo huyo anainamisha sauti: "Kwani kuna nini?" Hakuna uzito ambao hauna mwenye maoni.

Programu ilinipangia kalori 1,200 kwa siku. Nilikataa hapo hapo, na sababu ni kazi yangu. Mwaka mmoja uliopita nilikuwa nimelipwa kuandika kuhusu jaribio lililofanywa Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, mwaka 1945. Mwanasayansi anayeitwa Ancel Keys alichukua wanaume 36 wenye afya, waliokuwa wamekataa kwenda vitani kwa sababu ya imani zao, akawalisha takriban kalori 1,570 kwa siku kwa miezi sita. Alitaka kujua jinsi ya kuwasaidia watu waliokuwa wakifa njaa Ulaya. Wale wanaume hawakukonda tu. Walianza kuota chakula. Wakawa wanasoma vitabu vya mapishi kama watu wanaosoma barua za mapenzi. Wakawa wakali, wenye huzuni, wasiopenda kuongea na mtu. Hao walikuwa na 1,570, na tunakumbuka hilo kama jaribio la njaa. Mimi simu inaniambia 1,200, halafu chini yake inaweka kiuso kinachocheka, ati nibaki na furaha.

Hapo nilielewa kitu ambacho makala zangu zote za kulipwa hazikuwahi kusema. Watu wengi wanaoambiwa hawana nia ni watu wenye njaa. Moyo hauwezi kuwa mweupe kwenye tumbo ambalo halijala. Kama nilitaka kudumu, nilihitaji nambari ambayo ningeweza kuishi nayo bila kuchukia watu. Nikapiga hesabu ya mwili wangu, urefu, umri, uzito, na kukaa kwangu, nikafika kwamba natumia kama kalori 2,000 kwa siku. Nikachagua 1,700. Kilo moja ya mafuta mwilini hubeba takriban kalori 7,700, kwa hivyo ukipunguza 300 kila siku, kilo inatoka baada ya siku ishirini na sita hivi. Mwezi mmoja, kilo moja. Polepole kama foleni ya Athi River siku ya Ijumaa, lakini inasonga.

Sasa, kuhesabu. Kalori si uchawi. Kuna mkemia Mmarekani, Wilbur Atwater, ambaye mwishoni mwa karne ya 19 alipima chakula kinatoa joto kiasi gani, na hesabu zake ndizo bado tunatumia: gramu moja ya wanga ni kalori 4, gramu ya protini ni 4, gramu ya mafuta ni 9. Ukijua hizo tatu, umejua nusu ya kazi. Nusu nyingine ni kujua chakula chako kimebeba nini, na hapo nilipata msaada wa nyumbani. Mwaka 2018 serikali ya Kenya na shirika la FAO walitoa majedwali ya vyakula vya Kenya. Yako kwenye intaneti, bure. Managu imo, terere imo, unga wa mahindi umo, maziwa yamo. Nilivyoyafungua nilihisi kama mtu aliyekuta jina lake kwenye orodha baada ya kuambiwa hayuko.

Na kupimwa si jambo geni huku. Katika miaka ya 1920 madaktari wa kikoloni waliwapima Wamaasai na Wakikuyu wa Kenya, urefu, uzito, chakula, na mwaka 1931 John Boyd Orr na John Gilks wakachapisha matokeo: kwa wastani mwanamume Mmaasai, wa maziwa na nyama, alimzidi Mkikuyu wa nafaka na mizizi kwa inchi tano na ratili ishirini na tatu. Huyo Boyd Orr ndiye alikuja kuwa mkurugenzi mkuu wa kwanza wa FAO, shirika lile lile la majedwali yangu. Wakati huo hofu ilikuwa watu wana uzito mdogo mno. Kwa uchunguzi wa afya wa mwaka 2015, asilimia 27 ya watu wazima wa Kenya walikuwa na uzito uliozidi, na kwa wanawake ilikuwa zaidi ya asilimia 38. Mizani ile ile, wasiwasi umegeuka.

Lakini jedwali linakupa gramu, na mandazi haipimwi kwa gramu. Inapimwa kwa mkono wa anayeipika. Kwa hivyo asubuhi moja nilimwendea mama anayetuuzia, nikakaa kwenye kreti ya soda, nikamuuliza.

"Mama, kilo moja ya unga hukupatia mandazi ngapi?"

"Ishirini. Nikiwa nimekasirika, kumi na nane."

"Na sukari?"

"Robo ya robo na kidogo. Kwani unataka kufungua yako ushindane na mimi?"

Nikamweleza. Alicheka mpaka akaweka kijiko chini, lakini akanisaidia. Siku hiyo alipima mafuta kwenye karai kabla na baada, kwa chupa ya nusu lita, na tukaona kilo moja ya unga imekunywa kama mililita 150. Unga kilo moja ni takriban kalori 3,500. Sukari gramu 100 hivi ni 400. Mafuta yaliyonywewa ni kama 1,200. Jumla 5,100, gawa kwa ishirini. Mandazi moja, kalori 255. Alipoiona hiyo nambari akasema, "Basi shilingi kumi ni bei ya chini. Nawapatia nguvu ya bure."

Kitu nilichoondoka nacho pale hakikuwa hiyo 255. Kilikuwa daftari lake. Ana daftari la madeni, lile la kurasa 96, jalada limeng'oka. Wateja wake wengi ni watu wa mjengo na wa bodaboda, wanakula asubuhi wanalipa jioni. Anaandika jina, anaandika shilingi, anaandika siku. Basi. Haandiki "mvivu huyu." Haandiki "ameshindwa tena." Mtu akilipa anapiga mstari. Akikosa kulipa leo, deni linabaki deni, na kesho anauziwa tena kwa sababu biashara inaendelea. Nilimuuliza kama hawamuudhi. "Wananiudhi sana," akasema. "Lakini nikiandika hasira kwa kitabu, nitajuaje nadai pesa ngapi?"

Programu yangu ilikuwa inaandika hasira kwa kitabu. Ukipita nambari, inageuka nyekundu. Mtu aliyeacha chuo huku matokeo yake yamefungiwa kwa sababu ya karo hahitaji rangi nyekundu nyingine maishani. Nikaifuta. Nikanunua daftari la shilingi arobaini, nikaanza kuandika kama mama mandazi: chakula, kalori, siku.

Nambari zikiwa hazina matusi, zinaanza kukuambia mambo. Nilikuwa nimejiandaa kuagana na ugali, kumbe ugali haukuwa na kesi kubwa. Kesi ilikuwa mafuta. Kijiko kikubwa kimoja cha mafuta ni kama kalori 120. Nilikuwa nakaanga sukuma wiki kwa vijiko vitatu, yaani 360, ilhali gramu mia za mboga yenyewe hazifiki 50. Ya pili ilikuwa chai. Vikombe vinne kwa siku, sukari vijiko vitatu kila kimoja, kijiko kama kalori 16: hapo ni 192 kabla hujahesabu maziwa. Chapo nilizipiga hesabu mwenyewe jikoni. Kilo ya unga inanipa kumi na tano, kila moja inakunywa karibu kijiko kizima cha mafuta, kwa hivyo moja ni kama 350. Na saa nzima ya kutembea kwa mtu wa uzito wangu huchoma kama 300. Yaani natembea kutoka nyumbani mpaka vumbi linaingia kwenye meno, narudi, na bado sijamaliza chapati moja.

Hiyo ya mwisho ingenivunja moyo kama ningeiona kwa ile programu. Kwa daftari ilinipa ruhusa. Nikaacha kutembea kama mtu anayelipa faini. Sai natembea jioni kwa sababu mgongo unanyooka na kichwa kinafunguka, na kwa sababu upande wa mbuga anga ya Kitengela jua likizama haijajengwa fleti. Chapati naila Jumapili, moja, kwa heshima. Mafuta ya sukuma ni kijiko kimoja. Chai ni vikombe viwili, sukari kijiko kimoja. Hiyo tu ilitosha kunitoa 2,000 kunipeleka 1,700, na kulala njaa sijalala.

Kuna siku zinapasuka, bila shaka. Mwezi wa Aprili binamu yangu alipeleka mahari, kukawa na mbuzi watatu na pilau. Nikaandika: 3,400. Sikuongeza neno. Kisha nikapiga hesabu ya wiki: siku sita za 1,700 na moja ya 3,400, ukigawa kwa saba unapata kama 1,940. Bado chini ya 2,000. Siku moja ya mbuzi haiwezi kubomoa wiki, isipokuwa ukiifuatisha na siku tatu za kujichukia, kwa sababu siku za kujichukia ndizo hulewa mkate mzima. Na mzani nao una tabia zake. Chumvi, siku za mwezi, choo, vyote vinaweza kuupandisha kilo nzima bila mafuta kuongezeka. Napima mara moja kwa wiki, Jumamosi asubuhi, kwa kemisti yule yule. Nikiona imepanda naandika. Nikiona imeshuka naandika.

Kufikia Julai nilikuwa nimepoteza kilo tano. Nikapanda matatu kwenda Kajiado mjini kumwona mathe, nikiwa nimevaa suruali iliyokuwa imekataa kufunga Krismasi. Njia nzima, Isinya ikipita, nyasi zikiwa za rangi ya mkate, nilikuwa nasubiri kusifiwa.

Mathe alinitazama mlangoni, hakusema kitu. Alipika. Alipika kama mtu anayezima moto. Mchele, nyama, viazi, maziwa lala ya jirani. Nilipokula kiasi changu nikasukuma sahani, akakaa karibu na mimi.

"Niambie ukweli. Uko sawa?"

"Niko sawa, Mama."

"Umepimwa?"

"Nimepimwa. Presha imeshuka, iko 126 kwa 82."

"Si hiyo."

Nikanyamaza kidogo kabla sijaelewa. Kizazi changu kinasoma kukonda kama ushindi. Chake kilifundishwa kusoma kukonda kama msiba. Miaka ya themanini, kule Uganda, watu waliita ukimwi "Slim", na mwaka 1985 jarida la Lancet likachapisha ripoti ya madaktari wakitumia jina hilo hilo. Kenya ilitangaza ukimwi kuwa janga la taifa Novemba 1999. Mama mdogo, dadake mathe wa mwisho, alifariki mwaka 2001, mimi nikiwa bado mtoto wa kubebwa. Siku hiyo ndiyo mara ya kwanza mathe aliniambia kwamba dadake alikuwa anatoboa mashimo mapya kwa mshipi wake, kwa msumari, usiku, ili asubuhi watu wasigundue. "Alikuwa anacheka kila siku," mathe akasema. "Mpaka wiki ya mwisho, anacheka. Ati yuko sawa."

Huku kwetu neno "positive" lilifika kwanza na karatasi ya kliniki. Mimi nimelipwa na watu wa mbali kuliandika kama ushauri wa asubuhi, kubaki positive, na hapo jikoni nikaona kwa nini halijawahi kunituliza. Mathe alikuwa ameshamwona mtu akitabasamu mpaka kaburini. Tabasamu langu halingemsaidia. Alitaka kuona hesabu.

Nikamwambia kwamba nilipimwa ile nyingine pia, mwezi wa Mei, na sina. Kisha nikatoa daftari kwenye begi, nikampa. Alivaa miwani. Alisoma kurasa tano, sita, kwa kidole. Alisimama kwenye 3,400, akauliza hiyo ni siku gani, nikamwambia ya mahari, akasema, "Ata mimi niliona vile ulishika ule mguu wa mbuzi." Halafu akainuka, akaenda chumbani, akarudi na kitabu chake, kile cha sukari alichopewa kliniki. Asubuhi, jioni, asubuhi, jioni, mwandiko wa mwalimu wa zamani. Nambari tupu. Miaka yote hiyo sikuwa nimewahi kukifungua.

Tukaviweka kando kwa kando mezani. Siku ambazo sukari yake ilipanda juu, alikuwa anakumbuka alikula nini, lakini alikuwa hajawahi kuandika. Alikuwa anadhani ni kosa lake tu, kwamba hana nidhamu. Tukaangalia pamoja: chai ya kanisani yenye sukari ya wote, wali wa jioni, mkate. Hatukulaumu mtu. Tulihesabu.

Leo niko kilo 83. Bado nina tumbo, bado mgongo unauma nikikaa sana, bado naandikia watu wa mbali kuhusu kioo na tabasamu kwa sababu nyumba inalipiwa. Mathe huniita kwa simu Jumanne na Ijumaa. Hasalimii sana siku hizi. Anauliza moja kwa moja, ndizi ya kuchemsha na ya kuiva ni sawa? Kiazi cha ukubwa wa ngumi nikiandike ngapi? Nafungua jedwali, namsomea, nasikia kalamu yake ikikwaruza upande ule mwingine. Wiki iliyopita aliniambia sukari ya asubuhi imekuwa chini ya saba kwa siku nne mfululizo. Nikaanza kumpongeza, akanikatiza.

"Ngoja kwanza niandike."